Michezo Ishirini Kwenye CD Moja

Fundi cherehani hakuwahi kununua kitambaa bila kukigeuza upande wa nyuma, na dukani kwa muuza gemu hakuona sababu ya kubadili tabia. Mashine ya kuchezea alikwisha kuletewa na mwanawe, ilibaki CD. Mjukuu wake wa kike, aliyezoea kushinda kwake kila Jumamosi, siku hizi alimwamkia mlangoni tu na kukimbilia gemu za jirani. Fundi alimtaka arudi, ndiyo maana leo alikuja naye dukani.

"Hii ina michezo ishirini, Mama, yote ya familia," muuzaji alisema. "Hakuna damu, hakuna matusi."

"Washa tuone."

"Yote?"

"Kwani una safari?"

Fundi akavaa miwani, wakacheza yeye na mjukuu. Mbio tatu za magari zilikuwa zile zile, zimebadilishwa rangi tu. Mingi ilikuwa ya mtu mmoja, na hapo mjukuu alimsahau kabisa. Fundi akasubiri unaofuata. Wa kumi na saba ulikuwa wa watu wawili kubeba meza na kuipitisha milangoni.

"Bibi, inua upande wako! Unatuangusha!"

"Wewe ndiye unakimbia kama umeiiba!"

Waliiangusha mara tano, mjukuu akicheka hadi kumwegemea begani.

"Nanunua huu wa meza," Fundi alimwambia muuzaji. "Hiyo mingine iwe nyongeza."

Jumamosi iliyofuata mtoto wa jirani alibisha hodi kwa Fundi. Mjukuu akamwambia asubiri, yeye na Bibi hawajaipitisha meza.