Vyungu Vilivyongoja Jua Litulie

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na baba alikuwa mlinzi wa waya. Nikisema mlinzi wa waya watu hunicheka, lakini ndiyo kazi aliyopewa na Mwingereza mmoja aliyejenga kibanda juu ya kilima chetu, Kisarawe, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Waya wenyewe ulitandazwa kati ya nguzo mbili, ukaingia kibandani kwenye sanduku lenye kalamu iliyochora mstari mchana kutwa. Baba alibadilisha karatasi, na kila alfajiri baada ya sala aliondoa utando wa buibui kwenye nguzo, maana hata uzi wa buibui ukilowa umande uliharibu mstari.

Baba alitueleza kwamba hewa ina umeme hata siku ambayo anga ni jeupe na hakuna dalili ya radi. Ni umeme mdogo, haumdhuru mtu, ila unapanda na kushuka. Yule bwana alitaka kujua kama jua likichafuka huko lilipo, umeme wa huku kwetu nao unabadilika. Siku moja baba alitupeleka kibandani, akatuonyesha sura ya jua ikiangukia kwenye karatasi kupitia darubini. Kweli, lilikuwa na madoa meusi. Mama aliinama akayatazama vizuri.

"Kumbe jua lenyewe lina masizi," alisema, "halafu moshi wangu ndio unaosemwa."

Moshi wake ulikuwa umeshaanza kusemwa. Vyungu havichomwi siku yoyote tu. Vinataka siku kavu, isiyo na upepo, kwa sababu upepo ukiupiga moto upande mmoja, chungu kinapasuka. Na siku hizo hizo ndizo bwana alizozitaka. Za mvua na upepo hakuwa na haja nazo. Moshi wa mama ukipanda kilimani, mstari uliruka, na karatasi ya siku ile haikufaa kitu. Basi bwana akamwomba baba, na baba akakubali. Akakubali! Mwenye moto hakuulizwa. Baba alirudi nyumbani akasema mama asichome tena asubuhi za utulivu, mpaka jua litulie, yaani madoa yale yapungue.

Mama hakugomba. Ningekuwa mimi, ningewasha moto siku hiyo hiyo. Alijaribu kuchoma alasiri, upepo wa pwani ukamharibia. Kuhamia bondeni hakukuwezekana, chungu kibichi hakivumilii safari ya mteremko. Wanunuzi waliozoea kutoka Mkuza na Maili Moja wakahamia kwenye sufuria. Yeye akaendelea kufinyanga, akavipanga vyungu vibichi kwenye uchaga, akisema ipo siku vitachomwa, na siku hiyo nitakaa naye tangu moto unawashwa mpaka unazimika.

Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja. Kukanda udongo nilishajua, kuinua chungu nilishajua, hata kukilainisha kwa kokoto. Kuchoma bado. Mama alisema kuchoma hakuelezeki, lazima uuone moto wenyewe unavyogeuka rangi. Na mfinyanzi asiyejua kuchoma anachezea matope tu, hana tofauti na mtoto.

Nilimuuliza baba mara kwa mara kama jua limetulia. Kila mara aliniambia bado. Kiangazi kile kilikuwa kizuri ajabu, asubuhi baada ya asubuhi hakuna jani linalotikisika, nami namwona mama kasimama mlangoni anatazama juu, kisha anarudi ndani. Siku nzuri nilizichukia, na mpaka leo sijapatana nazo.

Masika yalipoingia mama alishikwa na homa, haikumwachia. Siku ya msiba majirani walipika kwa mafiga mengi kuizunguka nyumba yetu, moshi ukafunika kilima kizima. Hakuna aliyeshuka kutoka kibandani kuulalamikia.

Baadaye bwana alifunga vyombo vyake akaondoka. Vumbi la barabara na tanuri za mkaa vilimshinda, akasema mahali hapa hapafai. Hapafai, baada ya yote yale! Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Asubuhi moja tulivu baba alikuja na kuni na makumbi ya nazi, akayamwaga uwanjani, akaniambia nichome. Nikamwambia sijui. Akasema nijaribu hivyo hivyo. Nilivipanga vyungu vya mama kwa kubahatisha, nikawasha. Moshi ulipanda wima, siku ile ile ambayo mama angeiomba kwa Mungu. Sikujua moto uongezwe lini wala upunguzwe lini. Tukasikia chungu cha kwanza kinapasuka, kisha cha pili, kisha vingine vyote. Baba alikuwa kwenye kigoda, hakunyanyuka.

"Ningemwachia asubuhi moja," alisema. "Moja tu."

Nilikuwa na jibu, tena kali. Nilipomtazama usoni nikachukua kijiti, nikaanza kuvuta vigae kutoka majivuni.

Chungu kimoja sikukitia motoni, moyo ulinikataza. Ninacho mpaka uzee huu, na alama za vidole vya mama zipo ndani ya mdomo wa chungu. Wajukuu wanakitaka wakitilie maji ya kunywa, nami nawafukuza. Hakijaona moto. Kikitiwa maji kitarudi kuwa udongo.