Mwendesha kreni aliyetia sahihi juu ya mashine ya kufulia

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Usimtafute mwingine," anasema Wendell Pynn, huku akikaza kamba za viatu kwenye kibanda cha mafundi. "Wapo waliodanganywa kwa dhahabu. Mimi nilidanganywa kwa donati."

Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Kitchener, mji wa Kanada, bado giza, baridi ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, na theluji ya jana imekauka ikawa ngumu kama sahani. Wendell, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, anaanza kupanda. Lifti ya mafundi humfikisha ghorofa ya thelathini. Kutoka hapo ni ngazi ya chuma na magoti yake mwenyewe, na moja la hayo magoti halimtaki tangu mwaka juzi.

Mgongoni ana mfuko wenye chai, mikate miwili ya soseji na chupa tupu. Habari za chupa tupu haziulizwi. Mwendesha kreni akishapanda, hashuki mpaka jioni.

Kukipambazuka, kabla ya mzigo wa kwanza, hutazama chini upande wa kulia. Kule, katikati ya minara miwili ya vioo, kuna jengo la matofali la ghorofa tatu lililobanwa kama babu aliyewekwa kati ya vijana warefu kwenye picha ya harusi. Hapo ndipo anapoishi. Kwenye roshani ya chini anatafuta taulo jekundu. Akiliona, anajua kwamba jirani yake Irmgard Schlueter, bibi wa miaka themanini na mmoja, ameamka na birika liko motoni.

"Saa mbili ikifika sijaliona, nampigia simu," anasema. "Ananitukana, nami natulia."

Simu ya upepo inakohoa. Chini yuko Ranjodh Bhangu, mfungaji mizigo, mwenzake wa miaka tisa.

"Mzee, umelala huko?"

"Nilikuwa nasinzia vizuri, sauti yako imeniharibia. Una nini?"

"Nondo. Tani mbili na nusu. Nimeshafunga, nyanyua."

"Zinatua wapi?"

"We nyanyua kwanza, tutajua hukohuko."

"Sinyanyui."

Kicheko kinapasuka simuni. "Thelathini na nne, kona ya kaskazini. Nilikuwa nakupima tu, mzee."

"Endelea kunipima. Siku utakayonipata, usisimame chini."

Huo si utani mtupu. Mzigo ukishakuwa hewani hauna rafiki: upepo unausukuma, minyororo inalalamika, na watu walio chini hawana pa kukimbilia. Katika miaka thelathini na mmoja, Wendell hajanyanyua kitu kabla ya kuambiwa kinatua wapi. Kuna msimamizi mmoja aliyewahi kumwambia achague, anyanyue au ateremke. Alifunga chupa yake ya chai, akateremka, akakaa wiki sita bila kazi.

Alikuja mjini hapa akiwa na miaka ishirini na mitano, baada ya kiwanda cha samaki cha kijijini kwao Newfoundland kufungwa na nusu ya vijana kutawanyika. Wakati huo, anasema, ungeweza kujua saa kwa kutazama mnara wa kanisa ukiwa popote. Leo, kutoka kwenye kiti chake, anahesabu kreni kumi na moja. Minara saba kati ya ile inayoziba kanisa kaijenga yeye.

Analipwa dola arobaini na nane kwa saa, na hasemi kuwa ni kidogo. Ila kreni ikishushwa, mshahara nao unashuka, na kabla ya kreni nyingine kusimamishwa huweza kupita miezi mitano. Kilichombeba miaka yote hiyo ni kodi: dola elfu moja mia moja na arobaini kwa mwezi kwenye jengo la matofali. Ng'ambo ya barabara, katika mnara alioujenga kwa mkono wake, chumba kimoja cha kulala ni elfu mbili mia tatu na hamsini.

Turudi kwenye donati.

Ilikuwa jioni ya Oktoba. Wendell alikuwa ametoka kwenye saa kumi za upepo, akateremka chumba cha chini kufua suruali zake. Hapo akamkuta Preston Coyle, wakala wa kampuni iliyolinunua jengo ili ilibomoe na kusimamisha mnara wa ghorofa arobaini. Preston alikuwa na kahawa ya moto, boksi la donati na karatasi mbili.

"Akaniita bwana fundi," Wendell anakumbuka. "Akasema, 'Wewe mambo haya unayajua kuliko mimi.' Basi! Nikavimba. Mtu anayejua ataombaje muda wa kusoma?"

Alitia sahihi juu ya mashine ya kufulia, nayo ikitetemeka, ndiyo maana jina lake kwenye karatasi ile linaonekana kama la mtu mwenye homa. Alipewa dola elfu nane. Karatasi ilisema kwamba anaondoka kwa hiari yake ifikapo mwisho wa Juni, na hana dai la kurudi kwenye jengo jipya.

"Mimi sinyanyui ndoo ya zege bila kusoma jedwali la uzito," anasema. "Siku ile sikusoma hata mstari mmoja."

Angeumia peke yake, hadithi ingekuwa fupi. Lakini majirani walisikia kwamba Pynn ametia sahihi, na Pynn ni mtu wa majengo. Nyumba nne zikafuata. Mmoja wao ni Lorne Dietz, dereva wa basi, ambaye sasa amepanga umbali wa kilomita hamsini na huamka saa tisa usiku ili awahi basi lake la kwanza.

"Hakunilaumu hata kidogo," Wendell anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Bora angenipiga."

Aliyemsomea karatasi yake mpaka mwisho ni Irmgard, akiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Bibi huyu ameishi jengoni miaka arobaini na mmoja. Mumewe alifia humo. Pensheni yake haifiki dola elfu mbili kwa mwezi. Alipomaliza kusoma aliikunja karatasi polepole.

"Wendell, mwanangu, hiyo donati ilikuwa na jemu ndani?"

"Haikuwa na jemu, Bi Irmgard."

"Basi wamekupunja."

Mpaka leo kila wakikutana ngazini humuuliza habari za jemu. Lakini kesho yake jioni ndiye aliyemshika Wendell kiwiko, akamwambia aliyewapoteza watu njia ndiye ajuaye walipopotelea.

Kwa wiki tatu, kila alipoteremka kutoka kwenye kreni, Wendell alipanda ngazi nyingine. Nyumba tisa zilikuwa bado hazijatia sahihi. Aligonga moja baada ya nyingine, karatasi mkononi, akasoma kila mstari kwa sauti, kisha akasema, "Huu ndio ujinga wangu. Msiuazime."

Si wote waliomkaribisha. Jamaa mmoja wa ghorofa ya tatu alimwambia, "Wewe unakula kwa haohao, leo unatufundisha nini?" akamfungia mlango. Wendell akabaki palepale kwenye ukumbi, akaisoma karatasi yote kupitia mlangoni. Alipofika ukurasa wa pili, mlango ukafunguka.

"Usingefungua, ningeianza tena kutoka mwanzo," akamwambia.

Madai ya nyumba zile tisa ni mafupi. Kabla ya mtu kuondoka, aandikiwe namba ya nyumba atakayorudia katika jengo jipya, na kodi yake, isiyozidi anayolipa leo. Mpaka tunaandika haya, hakuna wa sita aliyetia sahihi.

Wendell mwenyewe hayumo. "Yangu imekwenda. Sahihi haifuliwi ikatakata," anasema. Julai atahamia chumba cha chini nyumbani kwa Ranjodh, ambaye ameshamwahidi kumpima bure usiku na mchana. Lakini ameomba kazi moja tu kwa mwaka ujao: kuendesha kreni itakayosimamishwa pale jengo la matofali lilipo. "Sakafu ya Bi Irmgard nitainyanyua mwenyewe. Polepole, kama trei ya mayai."

Alhamisi jioni Preston alirudi, na kikao kikawekwa kwenye chumba kilekile cha kufulia. Donati zilikaa juu ya mashine ileile. Hakuna aliyezigusa.

Preston alieleza vizuri, kwa upole, habari za bwawa la kuogelea na bustani ya juu ya paa. Kisha akamgeukia Wendell, aliyesimama karibu na mlango.

"Bwana Pynn, nisamehe, lakini wewe ulishatia sahihi. Huna lako hapa. Na nasikia kazi ya kreni umeiomba mwenyewe. Sasa tueleze: unalitaka jengo au hulitaki?"

Masikio ya Wendell yaliwaka.

Irmgard aliweka ufumaji wake pajani.

"Analitaka, kijana. Sote tunalitaka. Lakini mtu huyu miaka thelathini na mmoja hajanyanyua hata nondo moja kabla ya kuambiwa inatua wapi. Wewe umekuja kunyanyua nyumba tisa zenye watu ndani. Haya, sema: sisi tunatua wapi?"