Nilimpigia yowe la mwizi shangazi wa mshirika wangu, kijijini kwao pwani

Wakuu, salaam kutoka Nyasubi, Kahama.

Haya ni ya kweli mwanzo hadi mwisho. Jina la kijiji sitalitaja. Siyo siri, ni aibu tu.

Nina karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Segese. Kazi hii imenifundisha jambo moja: mtu akikuchekea huku ameshika mali yako, hesabu kwamba siyo yako tena. Ndiyo maana kila kitu nahesabu mara mbili, hata maandazi.

Juzi kati nilishuka Dar kununua spea. Abdul, mshirika wangu wa Segese, alikuwa kwao kusalimia. Kwao ni kijiji cha zamani pwani, nje kidogo ya jiji. Watu wanalala pale, asubuhi wanaenda kazini Kariakoo.

Akanipigia. "Kaka, njoo uone kwetu."

Nikaenda. Boda nilibishana naye nauli mpaka akasema bora anipeleke bure masikio yake yapumzike.

Pana msikiti wa mawe usio na paa, na makaburi yenye nguzo ndefu. Abdul anasema wapagazi wa huko kwetu walikuwa wanafika pale kwa miguu na pembe za ndovu mabegani.

Mimi nikaokota jiwe, nikalipima uzito mkononi. Ugonjwa wa kazi.

"Weka chini, hilo ni la kaburi," akasema.

Tulivua viatu nje, tukaingia. Begi nikaliacha hapo kwa shingo upande. Ndani: beringi mbili na mkanda wa mashine. Vitu vitatu.

Abdul alibaki akiwaombea dua wazee wake. Mimi nikatangulia kutoka. Nilikuwa nawaza begi.

Nakuta bibi mwembamba amelikalia, anatafuna tambuu. Akina mama wawili pembeni wanacheka.

"Mzigo wa Mnyamwezi haupiti hapa bure," akasema. "Babu yako aliondoka bila kuaga. Leo utalipa na deni lake."

Kwangu hiyo ilikuwa lugha ya vijana wa getini machimboni, wanaodai chao kila mzigo ukipita.

Nikavuta begi. Bibi akaenda chini. Kabla sijafikiri nikapiga mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo kwetu likisikika kijiji kizima kinatoka na marungu. "Mwiziii!"

Kumbe na pwani wanatoka.

Vijana wakaja mbio, mmoja ana mpini wa jembe. Wakatafuta mwizi. Wakamwona bibi yuko chini, kanga ina mchanga, na mimi nimesimama juu yake nimekumbatia begi.

Mwenye mpini akanigeukia.

"Mwacheni!" bibi akasema kutoka pale chini. "Mtani wangu huyo. Siku nikifa ndiye wa kuja kuwachekesha. Mnataka nizikwe kimya kimya?"

Utani wa Msukuma na Mzaramo, ambaye kwake sisi wote wa bara ni Wanyamwezi. Wakuu, naujua tangu utotoni! Machimboni nilishausahau.

Abdul akatoka, akamwinua. "Shangazi, umeumia?" Akaanza kumpangusa mchanga kwenye kanga.

Mnadhani niliomba radhi? Nilichuchumaa, nikafungua begi, nikahesabu. Mbele yao wote.

Vinne.

Nikarudia. Vinne.

Cha nne kilikuwa kifurushi cha kitambaa, bado kina joto. Visheti vya njiani. Abdul alishamwambia nakuja; alifungua begi langu kunitilia hivyo.

Nikapiga magoti mchangani. "Shikamoo shangazi. Nisamehe."

"Marahaba. Mzigo umetimia?"

Vijana walicheka mpaka mwenye mpini akauangusha. Afadhali wangenipiga.

Faini yangu ilikuwa kumbebea kuni kichwani hadi kwake, katikati ya kijiji, yeye mbele anatangaza: "Jamani, Mnyamwezi karudi! Anabeba!"

Abdul sasa yuko Segese, kazi inaenda. Ila siku hizi akinikabidhi chochote, hata msumari, anasimama pembeni anasubiri nihesabu.

Somo langu: ujanja wa machimboni uache machimboni. Ukienda nao kwa watu, unakuta mwizi pasipo na mwizi.

Wenye watani pwani, nishaurini nirudi vipi kwa yule shangazi. Mchele wa Kahama nimeshautenga.

Sijaupima.