Pampu ya Gesima na Jua la Ijumaa

Saa nne asubuhi, Ijumaa, Pam Anyiko amepiga magoti kwenye sakafu ya simiti. Ncha ya bisibisi ameibandika kwenye mota inayonguruma, mpini ameuweka sikioni, na macho ameyafumba. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani anasali.

“Inalia vizuri,” anasema akifungua macho. “Na hapo ndipo sielewi.”

Tuko ndani ya kibanda cha pampu cha mradi wa maji wa kijiji kimoja huko Gesima, kaunti ya Nyamira, chini ya bonde lililozungukwa na mashamba ya chai. Maji ya chemchemi husukumwa kutoka hapa hadi kwenye tangi kilimani, kisha hushuka yenyewe kwenda sokoni, shuleni na kwenye zahanati. Pam, mwenye umri wa miaka 39, ndiye aliyeifunga pampu hii, ndiye anayeiwasha kila siku, na ikiugua ndiye daktari wake.

Leo inaugua. Mota inazunguka kama kawaida, lakini mshale wa geji ya presha haufiki hata nusu ya unapofika siku zote. Aliyetumwa kilimani kuchungulia tangi anapiga simu: hakuna hata tone linaloingia.

Siku nyingine ingekuwa shida ndogo. Lakini wakazi wengi hapa ni Waadventista. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, pampu huzimwa na haiguswi hadi Jumamosi jioni. Tangi lisipojaa leo, kesho ni kiu. Na kesho ni kilele cha makambi, mkutano mkubwa wa kanisa wa kila mwaka. Wageni wameshaanza kuwasili na magodoro yao na masufuria ya kutisha.

“Ni hizo miti za Ongeri,” anasema Kwamboka, mwenyekiti wa kamati ya maji, akielekeza kidole kwenye mikaratusi ya jirani huyo iliyo ng’ambo ya kijito. “Zimekunywa maji yote. Nilisema zikatwe, mkanyamaza.”

Vijana wawili waliosimama mlangoni wanaafiki haraka. Mmoja anajua hata panga la kuazima liko wapi.

“Yawa, jamani, subirini,” Pam anawaambia. “Miti haijakimbia. Acheni kwanza niangalie.”

Anafunua kisima cha chemchemi. Kimejaa hadi ukingoni. Anarudi kuijaza pampu maji kwa ndoo, maana pampu ya aina hii ikiingiwa na hewa haivuti kitu. Hakuna badiliko. Anafungua bomba la kuvutia maji akitafuta matope au majani yaliyonasa, analikuta safi, analifunga tena. Muda unakwenda, na sasa hata yeye ana wasiwasi.

Tukisubiri, anaeleza alivyofika hapa. Alizaliwa karibu na Oyugis, kaunti ya Homa Bay, akasomea ufundi mjini Kisii, kisha akatengeneza pampu kwenye karakana moja huko Suneka. Gesima alikuja kwa kazi ya siku chache tu.

“Nilifunga pampu, nikauliza nani ataiendesha. Wote wakaniangalia,” anacheka. “Nikabaki.”

Kinachomkera ni kitu kimoja. Kwa kuwa kila Jumamosi jioni lazima awepo kuwasha, tangu aje Gesima hajawahi kulala kwa mama yake wakaamkia kanisani pamoja Jumapili. Ameiomba kamati kifaa kinachoelea ndani ya tangi, ambacho mafundi hukiita floti. Maji yakipungua kinaiwasha pampu, yakijaa kinaizima, bila mtu. Kamati imekwama kwenye swali moja: pampu ikijiwasha yenyewe siku ya Sabato, nani amefanya kazi?

Hatimaye Pam anazima mota ili afikiri. Feni ya nyuma inapunguza mwendo, na kabla haijasimama anaikodolea macho. Kisha anatazama mshale mwekundu uliochorwa kwenye pampu.

“Inazunguka kinyume!”

Jana mafundi wa umeme walibadilisha transfoma, na nyaya zikarudishwa kwa mpangilio tofauti. Mota haijali inazungukia wapi. Pampu inajali sana. Pam anakata umeme, anabadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu, anawasha. Mshale wa geji unapanda. Simu inalia kutoka kilimani, na anayepiga hazungumzi, anapiga kelele tu. Mikaratusi ya Ongeri imepona.

Lakini mchana umeliwa. Jua linapogusa mlima, tangi liko nusu. Kwamboka, aliyekwisha kuvaa nguo za ibada, anasimama mlangoni. Ni saa ya Pam kubonyeza kitufe chekundu cha kuzima, naye habonyezi.

“Pam, jua limeenda.”

“Nimeona, mama.”

“Sisi hatuwezi kukutuma kazi saa hii. Hata mgeni kama wewe, amri inakataza.”

“Hamjanituma. Niliwasha kukiwa na jua. Mimi nimekaa tu.” Kweli amekaa, juu ya ndoo, mikono mapajani.

“Na nani atazima?”

“Hiyo niachie. Sabato yangu ni Jumapili.”

Kwamboka anaitazama mikono hiyo iliyotulia, anaisikiliza pampu, kisha anaanza kucheka hadi anashika fremu ya mlango.

“Bono, sasa, hiyo floti yako,” anasema, “si nayo itakuwa tu imekaa?”

“Itakuwa imekaa kuliko mimi.”

“Basi kamati nitaiambia mimi mwenyewe. Uifunge, uende usali na mama yako.”

Anapanda njia ya kanisani. Pam anapangusa macho kwa mkono wenye grisi, na kujipaka weusi usoni. Kisha anatoa simu na kuongea Kijaluo, akitabasamu. Akimaliza, anatafsiri bila kuulizwa.

“Nimemwambia aniwekee nafasi kwenye benchi lake. Sijui bado ni Jumapili gani. Lakini aiweke.”