Tulivyompenda Yule wa Chini

Hapa Kasongo watu hawaniachi. Naenda sokoni kununua chumvi, mwenye pikipiki ananisimamisha na kuniuliza: kati ya wale wabaya wote, mwalimu, nani alikuwa mkali zaidi? Nimeshinda darasani nikipambana na sehemu na desimali, koo limekauka, magoti yananiuma, na mtu mzima mwenye ndevu anataka tukae chini tujadiliane habari za majitu ya filamu. Wananijua kwa sauti. Kwa miaka minne, kabla sijarudi kufundisha, nilikuwa mfasiri wa sale ya video, ukumbi wa kuonyeshea filamu, kule Salamabila kwenye machimbo, na mchimbaji aliyepita kule hasahau sauti iliyomsimulia filamu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Filamu zilikuja na lugha ya mbali, na chini yake maandishi madogo ya Kiingereza yaliyopita mbio. Mimi nilikuwa na Kiingereza kidogo cha shule na mdomo mwingi. Nilikaa kwenye kigoda kando ya skrini, mikrofoni mkononi, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta wa mabanzi, nikawaambia watu kwa Kiswahili chetu nani anasema nini. Nisipoelewa, nilitia chumvi. Nilipoelewa na nisipende, nilitia chumvi pia. Saa tisa mchana mpaka magharibi, kila siku, hata siku za homa.

Filamu zilizojaza sale kuliko zote zilikuwa zile za majitu. Sijui ziko ngapi. Walianza kuzitengeneza kabla baba yangu hajatahiriwa na hadi leo hawajachoka. Mimi ndiye niliyechoka. Habari ni ileile: linatokea jitu baya, linabomoa mji wa maghorofa, kisha jitu zuri linatoka majini, wanapigana, baya linashindwa, zuri linarudi majini na watu wa mji wanapiga makofi. Lile zuri tulikuwa tukiliita Kiboko, ingawa halikufanana na kiboko hata kidogo. Kule Salamabila hakuna aliyempenda Kiboko. Alikuja akiwa amechelewa, akakanyaga nusu ya mji yeye mwenyewe, kisha akangojea shukrani. Watu wetu walishaona wakubwa wa namna hiyo, hawakuhitaji kulipa kiingilio ili wawaone tena.

Walipenda wabaya. Kulikuwa na Yule wa Mawingu, mwenye mabawa ya ngozi, aliyepuliza vumbi la kulaza watu usingizi. Huyo alikuwa kipenzi cha mama wauza chakula, kwa sababu aliogopa moshi, na mama wale walicheka mpaka machozi kuliona jitu la ukubwa ule likikimbia moto wa kupikia. Mimi mwenyewe nilimpenda mama mmoja mwenye koti jeupe, aliyekuwa akiyafuga majitu kwa siri katika maabara yake. Hakuwa mkubwa, alikuwa mtu kama mimi. Wengine wote walinguruma, yeye hakuinua sauti kamwe. Alikuwa mtu pekee anayefanya kazi katika filamu zile: anapima, anakosea, anaanza upya, na mwishoni wanakuja kumvunjia nyumba. Nilimpa sauti ya pole na ya uchovu, na sikuhitaji kuigiza.

Lakini kipenzi cha wote alikuwa Yule wa Chini. Alikuwa na makucha marefu ya kuchimbia na magamba ya kakakuona, macho madogo yasiyoona vizuri kwenye jua. Alitoka ardhini katikati ya barabara, mavumbi mwili mzima, na kila mtu alimfukuza kabla hajafanya lolote. Alichimba kwa mikono yake, bila mashine. Unafikiri wachimbaji wangempenda nani mwingine? Alipotokea, sale nzima ilisimama. "Ni mutu wetu!" walipiga kelele. "Chimba, ndugu, chimba!"

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mdogo wangu. Tumetoka tumbo moja, tumelala mkeka mmoja kule kwetu Lusangi, na yeye ndiye aliyenitangulia Salamabila, mimi nikamfuata baada ya kuona ualimu haunilishi. Akitoka shimoni alikuja moja kwa moja na matope yake, akaketi benchi la mbele, akamtukana Kiboko matusi ambayo sitayaandika. Siku za Jumapili, baada ya ibada, alikuja na mke wake. Mke wake hakupiga kelele. Alisikiliza. Kati ya watu wote waliopita katika sale ile, nadhani ni yeye peke yake aliyekuwa akinisikiliza neno kwa neno.

Sasa nifike pale ninapokwepa siku zote. Diski zilikuja kwa pikipiki kutoka mbali, zimechanganyika, na sisi tulionyesha kwa kufuata zilivyofika. Filamu ambamo Kiboko anamwangushia Yule wa Chini mlima mzima, akafukiwa, akafa, ilifika mapema sana. Watu walikasirika. Mmoja alirusha kiatu kwenye skrini. Wiki iliyofuata ikafika diski nyingine, na Yule wa Chini yumo, mzima, anatoka ardhini akiwa na nguvu zake zote. Sale ikanigeukia: imekuwaje? Nilikuwa na mikrofoni mkononi na watu wote wakinikodolea macho, nikasema jambo la kwanza lililonijia. Nikasema hakufa. Alilala chini ya mlima, akapumua kidogo kidogo, akaanza kuchimba upande wa pili, na leo ametoka.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu wazima walikumbatiana. Mdogo wangu alipanda juu ya benchi akaivua fulana yake.

Usiku uleule niligeuza kasha la diski. Nyuma yake palikuwa na picha za filamu zote na namba zake. Ile ya mlima ilikuwa ya mwisho kati ya zote za Yule wa Chini. Hakutoka kokote. Zile tulizomwona mzima zilikuwa za zamani, kabla hajafukiwa. Nilimwambia mwenye sale. Akaniambia nifunge mdomo, tuonyeshe hivihivi: kwanza mlima, kisha kutoka. Nikafunga. Simsingizii, sikuhitaji kubembelezwa. Tangu hapo, kila walipokuja wachimbaji wapya, niliwaua kwa huzuni siku moja na kuwafufua siku ya pili, na nilijivuna. Nilijiona fundi.

Shimo la mdogo wangu lilianguka asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Wenzake wawili walikuwa juu wakivuta kamba, walipona. Tulichimba siku tatu kwa sepetu, kwa mabeseni, kwa mikono. Siku ya nne shimo la jirani likaanza kupasuka na wakubwa wa mashimo wakatusimamisha, wakasema watakufa wengine. Mimi nilibisha, nikatukana watu. Lakini nikisema ukweli, walipotusimamisha mikono yangu ilikuwa imechubuka na mgongo haunyooki, na moyoni nilishukuru. Nilikuwa nimechoka. Niliweka sepetu chini nikiwa mtu wa kwanza. Jambo hilo nalibeba mpaka leo.

Tulirudi Lusangi bila mwili. Kwetu, mtu asipoonekana, ukoo haumwachi hivihivi. Wazee wanakata shina la mgomba, lenye urefu wake, wanalivika shati alilolivaa marehemu, lenye jasho lake, wanalizika kama mtu. Shati linatolewa na mke kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna anayeweza kumnyang'anya, wala kulichukua akiwa amelala. Likishazikwa, mke anatoka kwenye mkeka wa matanga, watoto wananyolewa, wanarudi shuleni, watu wanakamata majembe. Kabla ya hapo hakuna kitu. Mke anakaa, mama wa marehemu anakaa naye, na mashamba yao yanawangoja.

Mgomba ulikatwa. Wazee walikuja. Mke wa mdogo wangu akakataa kutoa shati.

Hakulia wala hakubishana kwa hasira. Alisema tu kwamba mume wake hajafa. Mjomba wetu mmoja alimwuliza amejuaje. Akanitazama mimi, mbele ya watu wote, akasema: "Shemeji anajua. Ni yeye alituonyesha. Mume wangu aliniambia, siku mulima inaniangukia, usilie, mimi niko kama Yule wa Chini, nitapitia upande ingine."

Wazee hawakuelewa hata neno moja. Walidhani huzuni imemvuruga. Mimi nilielewa kila kitu. Pale ndipo ningefungua mdomo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na mdomo uliokuwa ukisema bila kunyamaza kwa miaka minne ulikufa ganzi. Nikasema: "Basi tungoje kidogo." Wazee wakadhani nina busara.

Mgomba ukaoza kando ya nyumba. Niliacha sale, nikaja Kasongo, nikapata darasa. Kila likizo nilipanda pikipiki kurudi Lusangi, siku nzima ya matope na kusukuma, nikafika nikiwa sijisikii viungo. Mara ya kwanza nilimkuta mke wa mdogo wangu amekonda. Nikamletea sukari na sabuni, nikamwambia maneno ya Mungu. Mara ya pili mvua za kupanda zilikuwa zimeanza na shamba lake lilikuwa pori. Wanawake wa jirani walikuwa wamemlimia mama kipande, lake waliliogopa, maana matanga yalikuwa hayajaisha. Mtoto wake mkubwa, msichana wa miaka tisa, alikuwa hajaenda shule, nywele zimemjaa kichwani. Mama yangu alinivuta pembeni akaniambia: "Mwanangu, mimi nimezeeka. Mugongo yangu haiwezi tena hii mukeka. Sema naye, weye anakusikiaka." Nikamwahidi. Nikaenda kukaa na shemeji kutwa nzima tukazungumzia bei ya muhogo, nikarudi Kasongo.

Nisijifanye nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa najihurumia mimi. Mradi hajaujua ule uongo, kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake mdogo wangu anachimba bado, na mimi bado ni yule fundi wa mikrofoni. Hilo ndilo nililokuwa nalinda, huku mama yangu analala chini kwenye mkeka na watoto wanakua bila shule.

Kabla sijarudi mara ya tatu, mzee wa ukoo aliniandikia barua. Wakati wa kupanda umepita mara moja, alisema, na ukipita tena huyu mwanamke atarudishwa kwao na watoto watagawanywa kwa wajomba. Nilisoma barua ile darasani, watoto wakinitazama. Kesho yake nilipanda pikipiki.

Nilimkuta shemeji nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mgongo umemkamata. Nikavuta kigoda. Sikumsalimu vizuri hata, kwa kuogopa kwamba nikianza salamu nitaishia kwenye bei ya muhogo tena.

"Shemeji," nikasema, "ile filamu ya mulima ndiyo ya mwisho. Mimi niliipanga vibaya."

Akaendelea kutwanga. "Ya mwisho namna gani?"

"Baada ya mulima, hatoki. Haiko filamu ingine yake."

"Na zile tulimuona anatoka?"

"Zile ni za zamani. Wakati ule alikuwa hajafukiwa."

Mchi ukasimama. Akaushika kwa mikono miwili, akatazama majani ndani ya kinu. Nilingoja apige kelele. Ningefurahi kama angenipiga kwa ule mchi.

"Weye ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Siku wazee walikuja na mugomba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliulaza mchi chini polepole, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Nilisikia sanduku linafunguliwa. Alikaa huko muda mrefu kidogo. Alipotoka alikuwa na shati mkononi, lile la mistari ya buluu alilokuwa mdogo wangu akilivaa siku za kawaida. Lilikuwa limekunjwa vizuri sana, limepigwa pasi, kola imenyooka.

"Nililifua kila Siku ya Posho, kila Jumamosi," akasema, "ili siku anatoka alikute safi. Ungelisema siku ile ya kwanza, shemeji, jasho yake ingekuwa mule bado."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Lilinuka sabuni niliyomletea.