Mikate ya Mbwa wa Msimbu

Bartolomeo alizaliwa Msimbu, mtoto pekee wa mkulima wa mihogo na mtama, na kama baba yake asingekufa mapema angeshika jembe hadi uzeeni bila kujua kazi nyingine. Mama yake, Bi Sikuzani, alibaki naye peke yake. Mapadri walipopita vijijini wakitafuta watoto wa shule, alimtoa mwanawe, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu na alibaki Mwislamu hadi siku yake ya mwisho. Majirani walimsema sana. Aliwajibu kwamba tumbo la mtoto halijui msikiti wala kanisa.

Huko misheni Bartolomeo alipelekwa kwenye tanuri la mikate. Alijifunza kukanda unga hadi uwe laini kama ndewe ya sikio, akajifunza kupima moto kwa kuingiza mkono tanurini na kuhesabu. Alipokuwa mtu mzima alifunga ndoa na Matilda, kisha akapata kazi Kisarawe, jirani na boma, kwa Mzungu mmoja wa mambo ya misitu ambaye watu walimwita Bwana Miti. Matilda alibaki Msimbu na mama mkwe wake, wakilima pamoja. Bartolomeo alikuwa akienda nyumbani kwa miguu kila baada ya Jumapili mbili.

Bwana Miti na mkewe hawakujaliwa watoto. Walikuwa na mbwa jike, mzee, mwenye manyoya ya rangi ya kahawa, jina lake Kwini. Chakula cha Kwini kilikuwa biskuti ngumu zilizotoka Ulaya ndani ya madebe. Vita vya Hitla vilipopamba moto meli zikaadimika, na madebe yale yakakoma. Kwini akawa anakula makombo ya mezani, nyama ya mchuzi na ugali. Haukupita muda akaanza kutapika. Manyoya yalinyonyoka mgongoni, macho yakawa na tongotongo, akawa analala kutwa chini ya meza bila kuinua kichwa.

Mkewe Bwana Miti alimwandikia barua daktari wa mifugo aliyekuwa Dar es Salaam. Majibu yalipokuja aliingia nayo jikoni, akaketi kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamweleza Bartolomeo neno kwa neno. Unga uwe ule usiokobolewa. Maini ya ng'ombe yachemshwe, yasagwe. Boga liongezwe, na yai likipatikana. Chumvi hapana, sukari hapana, na kitunguu kisikaribie kabisa, maana kitunguu humharibu mbwa damu. Bartolomeo alisikiliza kwa adabu. Moyoni aliona ni ajabu kwamba mnyama naye anaandikiwa barua.

Mara ya kwanza alioka vipande vikatoka laini kama mkate, na siku ya tatu vikaota ukungu. Hilo lilimuudhi, kwa kuwa alikuwa mwokaji na hakupenda kazi yake iharibike, hata kama mlaji ni mbwa. Akajaribu tena. Alisukuma unga ukawa mwembamba, akaukata vipande, akaoka, kisha akavirudisha ndani moto ulipokuwa unakufa, vikakaa humo hadi jiko lilipopoa lenyewe. Vilitoka vikavu kabisa, ukivunja kimoja kinalia kama kijiti. Vilikaa mwezi mzima bila kuharibika. Baada ya wiki chache Kwini aliacha kutapika, manyoya yakarudi, akawa anamngojea Bartolomeo mlangoni kila asubuhi. Wapishi wenzake pale Kisarawe walimcheka, wakampa jina la Mpishi wa Kwini. Hakujali sana. Kazi ikiukubali mkono, moyo hauulizi ni ya nani.

Ndipo ukaja mwaka wa njaa. Vuli haikunyesha kabisa, masika yakaja nusu nusu, na mtama ukakauka kabla ya kutoa masuke. Msimbu, Mzenga na vijiji vyote vya jirani watu waliingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Mihogo ndiyo iliyobaki ardhini, nayo iliandamwa na nguruwe mwitu. Walitoka vichakani alfajiri kwa makundi, wakafukua shamba zima kabla mwenyewe hajafungua mlango.

Jumapili moja Bartolomeo alifika nyumbani akamkuta mama yake amekaa ameegemea ukuta, miguu imevimba, mashavu yameingia ndani. Matilda alimwambia kwa sauti ya chini kwamba Bi Sikuzani alikuwa akijifanya ameshiba ili yeye Matilda apate kula. Bartolomeo alikuwa amekuja na kibaba cha unga, posho yake ya wiki. Aliutazama, akaona jinsi ulivyo mdogo.

Jumatatu alirudi kazini, na siku hiyo ilikuwa zamu ya kuoka vya Kwini. Alisaga maini. Alichanganya unga. Alipokuwa akisukuma donge lile mezani aliacha, akalitazama. Aliona kwamba mbwa huyu mmoja anakula kwa wiki kile ambacho kingemsimamisha mama yake. Alioka kama kawaida, akaviacha vipoe. Kisha akachukua vipande kiasi cha kujaa viganja viwili, akavifunga kwenye kitambaa, akavificha chini ya mkeka wake. Hakuwahi kuiba maishani mwake, hata embe la jirani.

Aliomba ruhusa akaenda Msimbu katikati ya wiki. Njiani alitunga maneno. Angesema ni mkate wa misheni, wa aina mpya, mkavu. Lakini alipofika, na mama yake akakifungua kitambaa na kukigeuza kipande kimoja kwenye mwanga, maneno yale yalimpotea.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Ni chakula nilichooka kwa ajili ya mbwa wa Bwana, mama."

Bi Sikuzani alikinusa kipande kile. Matilda alikuwa mlangoni, akainamisha uso.

"Mbwa amekigusa?"

"Hajakigusa. Kimetoka tanurini kikaingia humo kitambaani."

"Na nyama yake?"

"Maini ya ng'ombe. Mchinjaji ni Mwislamu, namjua."

Mama yake alisema bismillahi, akakiloweka kipande kile kwenye kikombe cha maji, akakila polepole hadi kikaisha. Alipomaliza alisema kwamba hakina chumvi. Bartolomeo alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda mrefu.

Vipande vile vilimpa Bi Sikuzani siku kadhaa. Alikufa kabla mwezi haujaandama, mchana, Matilda akiwa amemshika mkono. Walimzika Waislamu wenzake wa Msimbu, na Bartolomeo aliruhusiwa kuingia kaburini kumpokea mama yake, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine.

Aliporudi Kisarawe alikwenda moja kwa moja kwa mkewe Bwana Miti, aliyekuwa barazani na Kwini miguuni pake, akamwambia alichofanya. Hakutaka kukaa na jambo lile. Alitazamia kufukuzwa, pengine kupelekwa bomani. Mama yule uso ulimwiva, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika:

"Kwa nini hukuniomba?"

Miaka yote aliyofanya kazi katika nyumba ile haikumpitia Bartolomeo akilini kwamba lipo la kuomba. Na yule mama naye, aliyeuliza kwa machozi, haikumpitia kwamba angeweza kutoa kabla ya kuombwa. Kisha Bartolomeo alileta aproni yake kutoka jikoni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akaomba aende kwao. Hapakuwa na ugomvi. Alipewa ruhusa na mfuko wa unga, akaubeba kichwani hadi Msimbu.

Nyumbani alikuta shamba la mama yake limefukuliwa nusu. Jirani yake Abeid, mtu wa makamo mwenye maneno machache, alikuwa akifuga mbwa wanne wa kulinda mashamba. Aliwafunga mbali na nyumba kama dini yake inavyotaka, na hao ndio waliokuwa wakiwafukuza nguruwe miaka yote kwa faida ya kijiji kizima. Sasa wawili walikuwa wamekufa na wawili waliobaki walikuwa mifupa mitupu. Abeid alimweleza kwamba mbwa wenye njaa hawakimbizi nguruwe. Wanawasikia, wanainua masikio, wanalala tena.

Bartolomeo aliwatazama mbwa wale kwa jicho alilolipata kwa Kwini. Aliona manyoya yaliyonyonyoka na tongotongo zilezile. Akamwomba Abeid jambo moja: safari nyingine watu wakimuua nguruwe kwa mkuki, wasimtupe porini, wamwite yeye. Yeye si Mwislamu, anaweza kumshika.

Haikuchukua siku nyingi. Nguruwe dume aliuawa karibu na kijito, na Bartolomeo akamchuna peke yake, wengine wakisimama mbali. Alikuwa amekwisha jenga tanuri nyuma ya nyumba kwa udongo wa kichuguu. Nyama nzuri yeye, Matilda na Wakristo wengine wawili watatu waliigawana. Maini, moyo na mabaki ya nyama alivichemsha sana, maana mbwa wakila matumbo mabichi hupata minyoo, akavitwanga kwenye kinu alichokitenga kwa kazi hiyo tu. Akachanganya na pumba kuukuu zilizoliwa na wadudu, na boga la porini ambalo watu hawali, akasukuma, akaoka mara mbili.

Harufu ilitanda kijijini. Harufu ya tanuri, katika mwaka ule. Watu walitoka majumbani mwao, na kabla ya adhuhuri Mzee Isihaka, jumbe wa Msimbu, akafika na watu nyuma yake. Alikuwa amemzika mjukuu wiki ile.

"Bartolomeo," alisema, "watoto wanakula majani, na wewe unawaokea mbwa mikate?"

"Shikamoo, mzee."

Mzee Isihaka hakuitikia.

Bartolomeo alichukua kipande akakivunja mbele yao. Alisema humo hamna hata punje moja ambayo mtu angeipika. Ni pumba, na nyama ambayo wengi wao hawaruhusiwi kuila. Nyama ile ingeoza kwa siku mbili, lakini ikiokwa hivi mbwa wataila wiki tatu. Kisha akakiweka chini kipande kile.

"Mama yangu alikula chakula cha mbwa," alisema. "Nilikioka kwa mikono hii, nikampa. Mimi siwezi kuwacheka watu wenye njaa, mzee. Nguruwe wakimaliza mihogo iliyobaki, hatuna kingine."

Mzee Isihaka aliitazama mikono ya Bartolomeo, kisha akageuka, akaondoka, na watu wakamfuata.

Mbwa wa Abeid walipewa kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Mmoja alichelewa mno, akafa. Yule wa pili, dume mweusi, alipata nguvu. Wiki ya tatu alibweka alfajiri, akatoka mbio kuelekea kwenye mihogo, na wanaume wakamfuata na mikuki. Yule nguruwe aliyeuawa siku hiyo naye aliingia tanurini. Abeid alikwenda Mzenga akarudi na watoto wawili wa mbwa. Wengine, waliokuwa wamewaachia mbwa wao wakatangatanga, wakaanza kuwatafuta na kuwafunga tena. Bartolomeo aliwaokea wote. Kila aliyekuja alimwonya habari ya chumvi na kitunguu, na wanawake walikuwa wakicheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, wakiuliza nani ana kitunguu cha kumpa mbwa.

Mihogo ya Msimbu haikupona yote, lakini ilipona kiasi cha kuwavusha hadi mvua za mwaka uliofuata. Walikufa watu tisa. Wazee walisema bila mihogo ile wangekufa wengi zaidi, ingawa jambo kama hilo halina wa kulithibitisha.

Bartolomeo hakurudi tena kupikia Wazungu. Alilima shamba la mama yake, akaoka kila nguruwe alipouawa, na katika miaka ya neema akaoka pia mikate ya watu, katika tanuri jingine alilolijenga upande wa pili wa nyumba, ili Waislamu wale bila shaka moyoni. Matilda alimzalia mabinti wawili. Mkubwa walimwita Sikuzani, na padri aliyembatiza alipouliza kama hakuna jina la mtakatifu, Matilda alisema aongeze lolote apendalo, lakini nyumbani ataitwa hilo.

Watu hawakuwahi kumwuliza Bartolomeo zaidi juu ya maneno aliyoyasema siku ile mbele ya tanuri, naye hakuyarudia. Lakini Mzee Isihaka, ambaye hakuwahi kuomba radhi kwa mtu maishani mwake, alikuwa na desturi moja tangu mavuno ya kwanza baada ya njaa. Wanawake wa nyumbani kwake wakimaliza kutwanga, alizikusanya pumba mwenyewe kwenye kikapu, akazibeba hadi kwa Bartolomeo, akaziweka kando ya tanuri. Bartolomeo alimwamkia. Mzee aliitikia marahaba, akauliza mbwa wanaendeleaje, akaambiwa hawajambo, akarudi zake kwake taratibu akiegemea fimbo yake.