Maneno Marefu kwa Pembe za Vugo

Nilipomaliza kidato cha nne, miaka ya tisini mwanzoni, niliitwa ofisi moja ya Kizingo iliyotafuta msichana wa kupokea simu. Nikapewa karatasi ya Kiingereza nisome. Nikasoma kwa maringo yote, na kila neno refu nikalikaza karibu na mwisho, kama tunavyokaza Kiswahili chetu. Se-cre-TA-ry. Ne-ces-SA-ry. Bibi aliyenisikiliza akainamisha uso asicheke. Akasema nirudi baada ya wiki, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Nikishindwa, kazi apewe mwengine.

Nilifika kwetu Kibokoni nimevimba kwa hasira. Shangazi yangu, aliyenilea, hakuwahi kukaa darasani. Kazi yake ilikuwa kupiga vugo harusini, zile pembe za nyati zigongwazo kwa vijiti. Akataka nimsomee hayo maneno. Nikamjibu ovyo kuwa Kiingereza si ngoma. Hata hakunijali. Akafungulia redio taarifa ya habari ya Kiingereza, akafumba macho, akawa apiga pembe taratibu akifuata msomaji.

"Kila neno lina pigo lake zito, na halikai pahali pamoja," akaniambia. "Wewe wayapiga yote sawasawa. Ngoma hiyo nani ataicheza?"

Nikanywea. Basi wiki nzima, kila baada ya alasiri, mimi nakata maneno vipande kwa penseli nikifuata kamusi ya skuli, yeye ayapiga. Res-pon-si-BI-li-ty: hafifu tatu, zito, hafifu mbili. Nikikosea, anirudisha mwanzo, na hana huruma hata kidogo yule mwanamke! Majirani wakaanza kuuliza bibi harusi ni nani.

Siku ilipofika nikasoma mbele ya mkubwa wa ofisi, kidole kikigonga paja chini ya buibui. Sikuteleza neno hata moja, wallahi. Akauliza Kiingereza hicho nimefundishwa na nani. Ningeweza kumtajia mwalimu yeyote.

"Na shangazi yangu," nikasema. "Hajui kusoma."

Akaniambia nianze kazi Jumatatu.

Nilimkuta shangazi barazani na wenzake. Nikamwomba radhi palepale, mbele yao wote, kwa ule mdomo wangu mchafu. Akanibusu kipajini, akapiga vigelegele mpaka watu wakatoa vichwa madirishani, nami nikalia kwa furaha bila haya.